Figo na Miguu

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yayafaa sana maradhi mawili ambayo siku hizi tumeyazoea hata tukayapa majina mafupi, kana kwamba ni watoto wa jirani: presha na sukari. Mtu huweza kukaa nayo miaka kumi bila kuumwa hata kichwa. Anakula, anacheka, anahudhuria harusi na misiba, kisha siku moja asubuhi uso umemvimba na viatu havimwingii, akapimwa na kuambiwa kuwa figo zake zimekaribia kwisha.

Figo hazina desturi ya kulia. Ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, nazo zimejibanza mgongoni chini ya mbavu. Kila siku huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja na nusu hivi ya mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo mno, karibu milioni moja katika kila figo. Shinikizo kubwa la damu huvipiga vichujio hivyo kama mto wa masika upigavyo kingo zake, na sukari iliyozidi huvikakamaza na kuvifanya vivuje. Kichujio kikisha kufa, hakioti kingine mahali pake.

Katika kurasa hizi nataka kueleza jambo moja katika historia ya maradhi haya. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari walimwamuru mgonjwa wa figo alale kitandani, na baadaye, pole pole sana, ikaja kufahamika kwamba miguu ya mtu ina neno kubwa katika uhai wa figo zake. Historia hiyo imepita London na Boston, lakini imepita vile vile Kisii, Morogoro na Moshi. Ndiyo maana naona kuwa inatuhusu sisi wenyewe.

Matabibu wa kale hawakuwa wageni wa mazoezi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake kikubwa cha Kanuni ya Tiba aliyataja mazoezi ya mwili, pamoja na chakula na usingizi, kuwa nguzo za kuhifadhi afya. Lakini kuhifadhi afya ya mtu mzima ni jambo moja, na kumtibu aliyekwisha kuugua ni jambo jingine. Kwa mgonjwa, busara ya karibu kila taifa ilikuwa ni ile ile ya mama aliye na mtoto mwenye homa: mlaze, mfunike, asisumbuliwe.

Mwaka 1827 daktari Mwingereza aitwaye Richard Bright, wa hospitali ya Guy's mjini London, alitoa kitabu kilichobadilisha elimu ya figo. Aliwachunguza wagonjwa waliovimba miili, na walipofariki akawapasua na kuziangalia figo zao. Njia yake ya kupima ilikuwa nyepesi ajabu. Mkojo ulitiwa katika kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa. Kama ulikuwa na protini, uliganda na kuwa mweupe kama ute wa yai linapokaangwa. Kwa kijiko na mshumaa Bright alionyesha kuwa uvimbe ule, protini ile katika mkojo, na figo zilizoharibika ni ugonjwa mmoja. Kwa miaka mingi baadaye ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake.

Lakini kuujua ugonjwa si kuutibu. Wagonjwa wa siku zile walitolewa damu, walipewa dawa za kuharisha, na walitiwa katika maji ya moto au kupewa dawa za kutoa jasho, kwa kuwa iliaminika kuwa ngozi ikitoa maji figo zitapata nafuu. Sina budi kutabasamu kidogo ninapolisoma jambo hili. Jasho lilitafutwa kwa madawa na kwa mabeseni, ilhali mwenye kulitoa amelazwa chali na kukatazwa hata kuinuka.

Baadaye ukapatikana ushahidi ambao, kwa mtu mwenye hofu, ulionekana kuunga mkono kitanda. Mwaka 1878 daktari Mjerumani, Wilhelm von Leube, alipima mkojo wa askari waliotoka katika mwendo mrefu wa miguu, akakuta protini katika mkojo wa baadhi yao. Walikuwa vijana wazima. Kama mwendo wa siku moja waweza kuzivujisha figo za askari, basi mgonjwa atapona vipi akitembea? Hoja ilikuwa rahisi, na hoja rahisi huishi miaka mingi. Hata katikati ya karne ya 20, madaktari wakubwa wa figo, kama Thomas Addis wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, waliendelea kufundisha kuwa figo iliyoumia yataka kupunguziwa kazi, kama punda aliyechubuka mgongo.

Leo twajua kilichokuwa kikitokea kwa wale askari. Mtu anapokwenda mbio au kubeba mzigo mzito, misuli hudai damu nyingi, na mwili huipunguza ile iendayo kwenye figo kwa muda. Vichujio huvuja kidogo, kisha mtu akipumzika mambo hurudi yalivyokuwa, aghalabu katika siku moja au mbili. Mwaka 1956 daktari Mmarekani, Kenneth Gardner, aliandika kuwa mkojo wa wanamichezo baada ya mchezo waweza kufanana kabisa na wa mgonjwa wa figo, na bado wenyewe hawaumwi chochote. Dalili ilikuwa moja, maana zake mbili. Ilichukua karibu miaka 80 kuzitenganisha.

Kwa upande wa kisukari mawazo yalikuwa mepesi zaidi kugeuka. Insulini ilipatikana huko Toronto mwaka 1921, na mwaka uliofuata ikaanza kuokoa watu waliokuwa wakingojea kufa. Mwaka 1926 daktari R. D. Lawrence wa London, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kisukari na aliishi kwa insulini, alionyesha kuwa mgonjwa akifanya mazoezi, dawa ile ile hushusha sukari zaidi. Misuli inayofanya kazi huifungulia sukari mlango wake yenyewe. Huko Boston, Elliott Joslin alikuwa akiwafundisha wagonjwa wake kuwa kisukari ni gari la farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi, na kwamba mwenye gari hana budi kuwaongoza wote watatu. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu waliyoyaona katika vichujio vya figo za watu waliokufa wakiwa na kisukari. Hapo ndipo sukari na figo zilipofungwa katika kamba moja mbele ya macho ya madaktari. Bado, hata hivyo, hakuna aliyeiambia miguu kuwa nayo imo katika kamba hiyo.

Habari ya miguu ilitoka mahali pasipotazamiwa, ndani ya mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitoa utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta, aliyevaa sare ya kampuni ile ile, alipanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata walikufa kwa uchache zaidi. Mwaka 1968 daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, akaandika kitabu alichokiita Aerobics, na ulimwengu ukapata neno. Mazoezi ya erobiki ni yale yanayomfanya mtu ahemee na moyo uende kasi, lakini si kwa kiasi cha kushindwa kuzungumza, nayo hudumu kwa muda: kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli, kuogelea, kulima, kucheza ngoma.

Kulima na kucheza ngoma! Huku kwetu hayo hayakuwa na jina la Kigiriki. Yalikuwa ndiyo maisha.

Na hapa historia yenyewe inaingia Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha habari za wilaya ya Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, pande za Kisii na Ziwa Victoria. Alipima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000 na kuona kuwa, tofauti na Wazungu, halikupanda kadiri walivyozeeka. Wakati ule wakoloni wengi waliamini kuwa Mwafrika ameumbwa namna yake, na kwa imani hiyo mtu angeweza kusema kuwa damu yake haijui presha.

Wakati ulizijibu fikra hizo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwapima Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Waliohama walikuwa na shinikizo la juu zaidi, na tofauti ilionekana ndani ya miezi michache tu tangu wafike mjini. Damu ilikuwa ni ile ile, ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha: chumvi iliongezeka, uzito ukapanda, na yale yatokanayo na mboga na matunda yakapungua.

Nchini Tanzania mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti wa vijiji sita. Katika watu wazima zaidi ya 6,000, waliokutwa na kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Miaka 11 baadaye, mwaka 2000, utafiti mwingine ulilinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro, na kisukari cha mjini kikaonekana kuwa mara kadhaa ya kile cha kijijini. Kisha mwaka 2010 ukatoka utafiti ambao mimi huukumbuka kuliko yote, kwa sababu uliwafuata watu wenyewe safarini. Waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam walipimwa kabla ya kuondoka na tena baada ya mwaka mmoja. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 79 katika 100 walikuwa na kazi za kuwatoa jasho barabara. Baada ya mwaka walibaki 26. Wanawake walishuka kutoka 38 hadi 16. Uzito wa wote uliongezeka kwa kilo mbili na zaidi. Mwaka mmoja tu, ndugu msomaji. Nguo walizokuja nazo pengine zilikuwa hazijachakaa.

Mwisho wa njia hiyo ukaonekana Moshi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa ugonjwa sugu wa figo katika mji huo na vijiji vyake. Mjini walikutwa nao watu 15 katika kila 100, vijijini wawili. Wengi wao hawakuwa na habari kuwa wanaumwa. Ni haki kusema pia kuwa karibu nusu ya wagonjwa hao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo yako mengine yanayoziharibu figo zetu ambayo miguu peke yake haitayamaliza.

Naandika haya nikimkumbuka baba mkubwa mmoja katika ukoo wetu. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kwenda shamba, mwendo wa saa nzima, na kurudi jua likiwa la utosi. Alipokutwa na kisukari pamoja na presha, wanawe walifanya kile ambacho watoto wema hufanya. Walimnyang'anya jembe kwa mapenzi, wakamnunulia kiti kizuri cha kuegemea na redio, wakamwajiri kijana wa kumlimia. "Mzee, umechoka, sasa pumzika," walimwambia. Alikaa miaka saba katika kile kiti. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, "Wamenifanya mgeni katika nyumba yangu mwenyewe." Kisha ikaja safari ya mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Shamba lile lile alilokatazwa kulilima likauzwa kulipia nauli na matibabu, na hata hivyo fedha zilikwisha kabla yake.

Sisemi kuwa kiti kile ndicho kilichomuua. Maradhi yake yalikuwapo tayari, na hakuna mizani ya kupima nini kilifanya nini katika mwili wa mtu mmoja. Nasema tu kuwa wanawe walimpa heshima kwa namna tunayoijua sisi sote, na namna hiyo ni mabaki ya kile kitanda cha zamani. Kwetu mkubwa hapaswi kutembea. Mwenye nacho hupanda gari, kitambi huitwa afya, na akionekana mtu mwenye cheo anakwenda kwa miguu, watu huulizana gari lake limepatwa na nini.

Je, sayansi inasema nini leo kuhusu figo hasa? Yafaa tuseme ukweli bila kuutia chumvi. Mwaka 1987 panya waliokatwa sehemu kubwa ya figo walifanyishwa mazoezi ya kuogelea, na sehemu ya figo iliyobaki ikadumu vizuri zaidi kuliko ya wale waliokaa. Watu wakafurahi. Lakini mwaka 1997 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya wagonjwa 30 wa figo. Waliofanya mazoezi kwa mwaka na nusu walipata nguvu na pumzi, ila figo zao ziliendelea kudhoofika kwa mwendo ule ule wa wengine. Hazikuharibika zaidi, na kwa hiyo hofu ya kale ilikosa msingi. Lakini hazikupona pia. Figo iliyokwisha kuharibika sana si gari la kusukumwa likawaka.

Faida kubwa iko nyuma ya hapo, katika miaka ile ambayo figo bado zimenyamaza. Huko Da Qing nchini China, kuanzia mwaka 1986, na huko Marekani katika utafiti uliotolewa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walishauriwa kula kwa kiasi na kutembea. Kundi la Marekani, lililolenga dakika 150 za mazoezi kwa juma na kupunguza uzito kidogo, lilipunguza kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata dawa iliyolinganishwa nalo. Mwaka 2014 ikaonekana kuwa, kati ya watu zaidi ya 5,000 wanene wenye kisukari tayari, wale waliofundishwa kwa bidii kula vizuri na kufanya mazoezi walipungukiwa na hatari ya ugonjwa mkubwa wa figo kwa asilimia 31. Na mwaka 2022 wazee wa Marekani wenye umri wa miaka 70 na zaidi, waliozoea kukaa, walionekana kupoteza uwezo wa figo pole pole zaidi baada ya miaka miwili ya mazoezi, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ni kutembea tu. Kwa mwenye shinikizo kubwa, mazoezi ya namna hii huweza kushusha kipimo cha juu kwa 5 hadi 8 hivi. Ni kiasi kidogo kwa kukitazama, lakini vichujio vile hukipokea kila dakika, usiku na mchana.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa madaktari wa figo ulimwenguni umegeuka kabisa. Mwenye ugonjwa sugu wa figo sasa hushauriwa kufanya mazoezi ya wastani yapatayo dakika 150 kwa juma, kwa kadiri moyo na mwili wake unavyoweza. Hizo ni nusu saa kwa siku tano. Haziondoi dawa. Anayetumia insulini achukue kitu kitamu mfukoni, maana sukari yaweza kushuka njiani. Mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni, kwani kidonda kisichouma ndicho hatari. Na aliyekaa miaka mingi aanze kidogo, baada ya kumwona daktari.

Sitaki kuusifia umaskini. Watu wa Kisii wa mwaka 1929 hawakutembea kwa kupenda, na wengi wao walikufa mapema kwa maradhi ambayo leo yanatibika. Gari ni neema, na maji ya bomba ni neema kubwa zaidi kwa mama aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani. Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini figo za kupandikiza ni chache, na mashine ni ghali. Tulipotua ule mzigo wa kale tuliutua wote kwa pamoja, uchovu pamoja na kinga iliyokuwamo ndani yake, na kinga hiyo sasa hatuna budi kuitafuta kwa hiari. Miji yetu haitusaidii sana. Barabara zinapanuliwa, na mwenye kutembea anaachiwa mtaro.

Kwa hiyo naomba tubadili kwanza jambo lililo katika uwezo wetu, nalo ni heshima. Kijiko na mshumaa vya Bright vimekuwa kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo, na kipimo cha presha ni cha dakika chache. Tuwapeleke wazee wetu wakapimwe mapema, kabla uso haujavimba. Wakikutwa na maradhi haya, tuwape dawa, tuwapunguzie chumvi, kisha tusiwanyang'anye jembe. Na kama jembe halipo, mwana mwenye mapenzi na amshike mzee wake mkono jioni, waende wote hadi msikitini, kanisani au sokoni, wakizungumza njiani, na warudi kwa miguu.